Friji Lisilopanda Baiskeli

Enzi zetu, chombo cha nyumbani hakikununuliwa kwa kusoma maelezo kwenye boksi. Kilinyanyuliwa kwanza. Angalau kwetu ndivyo ilivyokuwa, na mpaka nilipofika sekondari nilidhani Watanzania wote hufanya hivyo. Baba aliingia dukani Kahama, akamsalimia mwenye duka, akaonyesha pasi ya mkaa iliyokuwa rafu ya juu, akapewa, na badala ya kuuliza bei akaiweka begani. Akatembea nayo kutoka mlangoni hadi kwenye magunia ya sukari, akageuka, akarudi. Akaishusha, akainyanyua tena kwa mkono wa kushoto. Mwenye duka alivumilia kwa muda, kisha akasema, "Mzee, hiyo ni pasi. Si mtoto mchanga."

Baba hakucheka. Aliniuliza mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya koti lake kwa aibu, kama ningeweza kuibeba hadi stendi bila kupumzika. Nikajaribu. Nikaweza. Hapo ndipo alipouliza bei.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, mmoja wa wale waliozunguka na nyundo na moko, ile patasi nene ya kupasulia mwamba, kutoka shimo moja hadi jingine. Dhahabu ikionekana mahali papya, wachimbaji husema rashi imetoka, na rashi ikitoka haimsubiri mtu aanue nguo kambani. Leo tuko jirani na Bulyanhulu, mama ameshazoea kisima na ameshapata rafiki wa kusukana naye nywele. Msimu haujaisha tuko porini upande wa Geita, mahali ambapo hata jina la kijiji bado linabishaniwa. Kila tulichomiliki kilipaswa kupanda baiskeli ya baba, au kichwa cha mama, au mikono ya watoto. Ilikuwa sheria ya nyumba. Kisichopanda baiskeli, alikuwa akisema baba, si chetu, hata kama tumekilipia.

Kwa hiyo tulikuwa na jiko la mafuta ya taa la tambi, lenye miguu mitatu na harufu iliyoingia mpaka kwenye wali. Tulikuwa na sufuria zilizoingiana, kubwa ikimeza ndogo, na ndogo kabisa ikimeza vikombe. Tulikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa tairi, na godoro lililokunjwa likafungwa kamba likawa kama mtu mnene aliyekamatwa. Na tulikuwa na chupa ya chai, ambayo safarini nilikabidhiwa mimi. Niliibeba kifuani kama mama anavyobeba mtoto, nikitembea nyuma ya baiskeli, na vumbi jekundu likinipanda hadi kwenye nyusi. Nilivunja chupa nyingi za chai katika maisha yangu ya utotoni. Kila moja ilipovunjika, baba alitikisa kichwa na kusema chombo kile hakikuwa cha safari. Sikuwahi kuchapwa kwa chupa. Nadhani baba aliamini kabisa kwamba kosa lilikuwa la chupa.

Vijana wa leo nikiwasimulia haya huniangalia kwa huruma, kana kwamba nimesema tulikuwa tunaishi juu ya miti. Wao kubana matumizi ni kusubiri ofa kwenye simu. Sisi tulibana mpaka kiberiti: njiti moja ilipasuliwa kwa wembe ikawa mbili, na aliyeizima kabla ya kuwasha kibatari alitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, usiku au mchana, mvua au jua. Sabuni ilikatwa kwa uzi. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vilikuwa chai, chakula cha mchana, na zawadi ya kumpelekea mgonjwa.

Mama, ambaye kila mtu alimwita Mama Kabula kwa jina la dada yangu mkubwa, alizaliwa upande mwingine kabisa wa maisha. Kwao ni Ushirombo, katika familia ya wakulima Wakatoliki, watu wanaopanda mihogo wakijua watakuwepo siku ya kuing'oa. Mjomba wake alikaa benchi lile lile kanisani tangu alipopata kipaimara. Mwanamke kama huyu aliolewa na mtu ambaye miguu yake ilikuwa inawasha. Alifuata, hakulalamika, ila nakumbuka kila tulipohamia mahali papya alikuwa akipanda mche wa mpapai nyuma ya nyumba. Hatukuwahi kula papai hata moja.

Aliyekuwa anaumia zaidi ni Kabula. Darasa la nne alilisoma katika shule nyingi kiasi kwamba alijua wimbo wa kila shule na hakujua kugawanya. Kila alipofika, mwalimu mkuu aliuliza barua ya uhamisho, na kila mara barua ilikuwa imebaki katika shule ya nyuma au ya nyuma ya ile. Alirudishwa darasa, akapanda, akarudishwa tena. Alipofika darasa la saba tulikuwa tumehamia Ushirombo, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili karibu na barabara kuu, kwa sababu baba alikuwa amepata shimo la ubia si mbali na pale. Mama alifurahi kurudi kwao, lakini alijua furaha hiyo ni ya kukodi. Nilimsikia akimwambia Mama Deo, jirani yetu aliyeimba naye kwaya, kwamba safari hii Kabula angefanya mtihani wa mwisho akiwa dawati lile lile alilokalia mwezi wa kwanza, hata kama ingebidi yeye mwenyewe alifunge dawati kwa mnyororo. Mama Deo akamuuliza atamfunga nini mumewe. Mama aliendelea kuchambua mchele.

Jibu lilikuja na lori.

Malori ya mizigo yalitoka Isaka, kule reli inakoshusha shehena, yakapita kwetu kuelekea Rwanda, na mama alikuwa akiwauzia madereva michembe ya kuchemsha na karanga. Dereva mmoja, mtu wa maneno mengi, alimweleza habari za mfanyakazi fulani wa Isaka aliyepewa uhamisho na alikuwa anauza vitu vyake vyote kwa bei ya kutupa. Kilichomshinda kuuza ni friji. Isaka kila aliyeweza kulitumia alikuwa nalo lake, na asiyeweza hakuwa na umeme. Hakuna aliyelitaka hata kwa kupewa kama nyongeza ya kitanda. Mama akauliza swali moja tu. Aliuliza ni zito kiasi gani. Dereva akamwambia kwa masikitiko kwamba ni la zamani, la chuma tupu, wanaume hulibeba kwa kupokezana. Mama akasema alitaka hilo hilo.

Lilishushwa kando ya barabara mchana wa jua kali, baba akiwa shimoni. Jeupe, refu kuliko Kabula, na mlango wenye kitasa kama cha gari na tundu la ufunguo chini yake. Mtaa mzima ulitoka. Likapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe wale, waliozoea pamba na mahindi, walisimama wakageuza shingo kutazama walichofungiwa. Mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba ikabidi mwenye nyumba aitwe, fremu ing'olewe, friji liingie, kisha fremu irudishwe kwa misumari mipya. Mama aliwapa wabebaji togwa na kuwashukuru mmoja mmoja. Umeme, kwa taarifa yako msomaji, ulikuwa bado haujafika sehemu ile. Hata nguzo hazikuwepo.

Kejeli zilianza kabla misumari haijapoa. Wanawake waliokwenda kisimani walipita dirishani na kuuliza, "Mama Kabula, barafu zimeiva?" Mwingine aliomba akopeshwe kipande cha baridi, angerudisha kesho. Mama aliwajibu wote kwa upole kwamba umeme ungekuja, na kwa sasa alikuwa na kabati lisiloingia panya. Na kweli panya hawakuliweza. Humo ndani aliweka unga, sukari, sare zetu za shule, shati la baba la Jumapili, na madaftari ya Kabula kwenye droo ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya mboga. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Mpaka leo nikisikia harufu ya mpira wa mlango wa friji iliyochanganyika na unga wa muhogo, njaa hunishika papo hapo.

Kabula naye alifanya biashara. Watoto wa mtaa walipanga foleni kuingiza uso ndani mama akiwa kisimani na ufunguo ukiwa umesahaulika tunduni, kila mmoja akilipa kwa pera au kiganja cha karanga. Walitoka humo wakitetemeka. Mmoja aliapa meno yake yamekufa ganzi. Sikuwahi kuona tena baridi ya namna hiyo, hata Mbeya mwezi wa saba.

Baba alikuwa amerudi jioni ile ile friji liliposhushwa. Alisimamisha baiskeli, akainama kupita mlangoni, na akasimama mbele ya lile jitu jeupe kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake. Hakuuliza limetoka wapi wala limelipiwa na nini. Alivua koti, akachuchumaa, akalikumbatia kwa chini, akanyanyua. Mishipa ya shingo ikamtoka. Friji halikutikisika. Akabadilisha mkono, akajaribu kwa upande. Kisha akakaa sakafuni, akihema.

"Mama Kabula," alisema, "hili linapandaje baiskeli?"

"Halipandi," alisema mama, na akaendelea kusonga ugali.

Sisi watoto tulielewa kwamba kuna jambo limetokea. Baba alikula akilitazama.

Miezi ikapita kwa amani ya mashaka. Nakumbuka muda ule kama muda ambao nilicheza kombolela bila kuangalia nyuma. Nilikuwa na rafiki ambaye nilijua ningemkuta kesho. Gari langu la mabua lilipata gereji ya kudumu chini ya mchongoma. Lakini baba alikuwa hatulii. Alikuwa akiamka, anatembea hadi barabarani, anatazama malori, anarudi. Shimo la ubia lilikuwa likitoa mawe tu. Jumapili alikaa kanisani akitikisa goti mpaka benchi zima likatikisika nalo.

Halafu rashi ikatoka. Habari ililetwa na Shija, mchimbaji mwenzake, aliyeingia uani na baiskeli tayari imefungwa mzigo, hata shikamoo zetu akaziitikia akiwa bado amekanyaga pedali. Kwa mujibu wake, upande wa Geita kuna mlima ambao dhahabu ilikuwa inaokotwa kwa kijiti, na waliotangulia walikuwa wameshapima maeneo. Watu wa Shija walikuwa wanaondoka kesho yake asubuhi. Baba alimsikiliza akiwa amesimama. Niliona vidole vyake vikikunjuka na kukunjika. Ilikuwa imebaki miezi michache Kabula afanye mtihani.

Siku ile nzima baba alijaribu kuuza friji. Alikwenda kwa mwenye baa, kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye duka la dawa, kwa fundi baiskeli. Kejeli zote ambazo mama alizipokea kwa upole sasa zilimwangukia yeye. Mwenye baa alimwambia angelichukua akiletewa pamoja na nguzo za umeme. Fundi baiskeli alimuuliza kama lina gia. Kuliacha pale haikuwezekana, maana baba hakuwahi kuacha hata kijiko. Mtu aliyepasua njiti za kiberiti hawezi kutupa friji. Alirudi jasho likimtoka, akaingia ndani, akatujumuisha kwa macho: mimi, Kabula, sufuria, redio, na lile jeupe.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. "Mimi sikukatazi, Baba Kabula," alimwambia. "Nenda. Ila mimi siwezi kuliacha, na wewe huwezi kulibeba. Kwa hiyo utatukuta hapa hapa."

Leo nina umri ambao mama hakuwa nao siku ile, na ndipo ninapoelewa aliweka nini mezani. Sote tuliwajua wanaume waliokwenda rashi peke yao. Kambini kuna mwanamke wa kupika, na mapishi yana tabia ya kuwa ndoa. Mtaani kwetu pekee palikuwa na nyumba kadhaa ambazo baba wa nyumba alikuwa amekwenda rashi mara moja tu kuangalia hali, asirudi tena. Tulipokuwa tukimfuata baba, tuliishi porini, lakini tuliishi naye. Mama alikuwa amekataa kumfuata bila kusema neno la kukataa, na bei ya kukataa ilikuwa baba mwenyewe.

Asubuhi alifunga nyundo, moko, blanketi na sufuria moja ndogo. Baiskeli ilionekana kuchekesha, nyepesi vile. Akatushika vichwa, mimi na Kabula, akamwambia mama atatuma habari, akaondoka na Shija na wenzake, na vumbi likawafuata mpaka kona ya kiwanda cha pamba.

Habari hazikutumwa. Mama alifanya kazi zake zote, ila alianza kulifuta friji kila siku kwa kitambaa cha maji, juu, ubavuni, hata nyuma kwenye nondo, mpaka likang'aa kuliko siku lilipokuja. Wanawake wa kisimani waliacha kuuliza habari za barafu. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hawakuwa wakimtania tena. Kila baiskeli iliyotoka upande wa kaskazini ilikuwa ya baba mpaka ilipofika karibu. Kabula alisoma kwa hasira, kama mtu anayelipa deni ambalo hakuliomba. Siku moja alimuuliza mama kwa nini tusiende tu kumtafuta, yeye hajali mtihani. Mama alimwambia achukue daftari lake kwenye friji.

Baba alirudi mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati, saa ya kutoka shule. Nilimkuta uani anapakuliwa mzigo na mama, amekonda, ndevu zimeshika udongo. Rashi ilikuwa na dhahabu, alisema, ila dhahabu yenyewe ilikuwa chini ya miguu ya watu wengine. Aliingia ndani, akaweka nyundo yake juu ya friji, mahali palipokuwa patupu, kama mtu anayetundika kofia, na akaomba maji ya kuoga. Kwa chakula kulikuwa na ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na alikula mpaka akalamba kisahani.

Aliondoka tena baada ya kupanda mahindi. Akarudi. Rashi ziliendelea kutoka, naye aliendelea kwenda, maana ile miguu haikupona hata siku moja. Lakini kila safari iliishia kwenye ua ule. Kabula alifanya mtihani katika dawati lile lile. Hakufaulu kwenda sekondari, ikiwa ulitarajia nikupe hilo, ila alijifunza cherehani kwa masista, na hadi leo ndiye anayeshona nusu ya sare za shule za mji ule. Mpapai wa nyumba ile ulizaa. Mapapai yake yalikuwa machachu.

Sasa nawatazama wanangu. Mimi mwenyewe si mfano wa kuigwa: nina shahada, nina kazi Shinyanga mjini, na niliwahi kukaa na friji jipya ndani ya boksi lake kwa muda mrefu wa aibu kwa sababu sikuwa na uhakika kama tutaendelea kupanga nyumba ile. Mke wangu aliligeuza boksi kuwa meza ya kupigia pasi. Lakini mwanangu wa kwanza, Masanja, amenizidi. Yuko Katoro, anauza vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na anaishi kwa kubana matumizi kuliko nilivyotegemea kwa kijana mwenye simu kubwa vile. Chumba chake kimejaa vyombo vya bei nafuu: jiko dogo la umeme, birika la kuchemsha maji, runinga bapa kama trei, blenda, kifriji chenye kimo cha stuli. Vyote vinafanya kazi. Vyote vinaingia kwenye bajaji kwa safari moja, na nafasi ya kukaa inabaki. Ananieleza kwa fahari, kama baba angeeleza, na nakubali kwamba enzi zetu tungetoa ng'ombe kwa vitu kama vile.

Biashara ikihamia Nyarugusu, naye yuko Nyarugusu. Ikirudi Geita mjini, amesharudi. Nimewahi kushuka kwenye basi na mfuko wa mchele na kuku hai, nikagonga mlango niliozoea, akafungua binti nisiyemjua akiwa na mswaki mdomoni. Siku hizi sina budi kumpigia kwanza. Namsalimia, namuuliza kazi, namuuliza afya, halafu namuuliza anaishi wapi. Baba yangu alitembea mbali kuliko sisi sote, bila simu wala ramani, na katika miaka yake yote ya mwisho hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiuliza sisi tunaishi wapi.